Mende Hufuata Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mende wa Nyumbani na wa Kwenye Biashara

Karibu kila anayeniita kwa ajili ya mende huanza kwa kujitetea: "Fundi, sisi ni watu safi, sijui hawa wametokea wapi." Wengine hunisemesha mlangoni kwa sauti ya chini, jirani asisikie. Kazi yangu ni kupambana na wadudu, na maswali ninayoulizwa nyumbani kwa mtu ndiyo yaleyale ninayoulizwa kwenye jiko la hoteli. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake.

Nina mende. Ina maana nyumba yangu ni chafu?

Hapana. Mende hatafuti uchafu. Anatafuta maji, chakula, joto na mahali pa kujibana, na vyote hivyo vinapatikana hata katika nyumba inayopigwa deki kila siku. Uchafu unamwongezea chakula, basi. Nimeona jiko linalong'aa, vyombo vimepangwa kama vya dukani, na nyuma ya friji mende wamejazana kwa sababu trei ya chini inashika maji wiki nzima.

Nalisisitiza hili kwa sababu aibu ndiyo inayowapa mende muda. Mtu akimwona mmoja usiku anamponda kwa kandambili, anafuta, ananyamaza. Mwezi unapita, kisha wa pili. Mficha maradhi kifo humuumbua: siku anapoamua kupiga simu, waliojificha kwenye makabati ni mamia. Angeuliza wiki ile ya kwanza, pengine mitego michache na matone kadhaa ya dawa yangetosha.

Katika hayo manne, kipi kinawavuta zaidi?

Maji. Jike wa mende wa Kijerumani, yule mdogo wa jikoni, akiwa na maji anaweza kukaa takriban wiki sita bila kula chochote. Mnyime maji, umwekee chakula kikavu kadiri upendavyo, hamalizi wiki mbili. Ndiyo maana nikiingia kwenye nyumba siangalii makombo kwanza. Napiga magoti mbele ya sinki.

Fanya hivyo wewe mwenyewe leo usiku. Fungua kabati la chini ya sinki, toa kila kilichomo, halafu chukua karatasi laini iliyo kavu uizungushe kwenye kila ungio la bomba, moja baada ya jingine. Mvujo mdogo ambao jicho halioni, karatasi itauonyesha kwa kulowa. Kisha vuta friji mbele. Friji nyingi zina trei ndogo kwa nyuma, karibu na mota, inayopokea maji ya barafu iliyoyeyuka. Hapo pana maji, giza na joto kwa pamoja, na wenye nyumba wengi hawajui hata kama trei hiyo ipo. Imwage, ioshe, ikaushe.

Halafu kuna maji tunayoyaacha wenyewe: sponji lililolowa pembeni ya sinki, kitambaa cha kupangusia kilichotundikwa kikiwa kibichi, bakuli la maji la paka, visahani vya chini ya vyungu vya maua, jasho linalodondoka kwenye mabomba ya maji baridi. Kupangusa sinki likauke kabla ya kulala ni kazi ya nusu dakika, na sijui kazi nyingine ndogo kama hiyo inayowaudhi mende kiasi hicho.

Wanakula nini hasa?

Ni rahisi zaidi kuuliza wasichokula. Wanapenda vyenye wanga, vitamu, mafuta na nyama, lakini wakikosa watakula gundi ya katoni na ya majalada ya vitabu, sabuni, dawa ya meno iliyokauka kwenye mswaki, nywele, magamba ya ngozi yetu, hata mende wenzao waliokufa. Ndani ya miili yao huishi bakteria aina ya Blattabacterium ambao huchukua taka ya naitrojeni, ile ambayo wanyama wengi huitupa kwa njia ya mkojo, na kuigeuza kuwa virutubisho. Ndiyo maana mlo duni kabisa unaweza kumvusha mende kipindi kirefu.

Kwa hiyo usiwaze juu ya sahani iliyosahaulika mezani tu. Vuta jiko la gesi au la umeme litoke kidogo ukutani, umulike tochi ubavuni mwake. Utaona mchirizi wa mafuta yaliyoganda, rangi ya asali iliyoungua, umenasa vumbi na punje za unga. Hicho ni chakula cha miezi, na kitambaa hakijawahi kukifikia. Mahali pengine ni ile raba ya mlango wa friji. Ikunjue kwa kidole: mara nyingi ndani yake mna makombo, unyevu na vitone vyeusi. Vitone hivyo ni kinyesi cha mende.

Ndoo ya taka isiyo na kifuniko ni karamu, hilo halihitaji maelezo. Chakula cha mbwa au paka kinachoachwa chini usiku kucha vilevile.

Kwa nini wanapenda friji, maikrowevu na ruta?

Kwa ajili ya joto. Mende wa Kijerumani hustawi panapokaribia nyuzi 30 za Selsiasi, na kila kifaa chenye mota au saketi inayowaka muda wote kinampa joto hilo bila kuzimwa. Ukichanganya joto na mianya myembamba ya plastiki, umempatia nyumba. Mashine za kahawa ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa zina joto, maji na sukari. Kuna aina nyingine, ya mende wadogo wenye mikanda ya rangi hafifu mbawani, ambao hawang'ang'anii maji sana. Hao utawakuta sehemu za juu: nyuma ya fremu za picha, ndani ya televisheni, kwenye dari la kabati la nguo.

Mende anahitaji mwanya mkubwa kiasi gani?

Mdogo kuliko unavyodhani. Mende wa Kijerumani aliyekomaa hupendelea ufa wa takriban milimita 5, na wachanga hutosheka na milimita 1 na kitu. Si kwamba amekosa nafasi kubwa zaidi. Anataka kugusa juu na chini kwa wakati mmoja, mgongo na tumbo vyote vikiwa vimebanwa, ndipo anapotulia. Mwaka 2016 Kaushik Jayaram na Robert Full wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kwamba mende wa Kimarekani, yule mkubwa, anaweza kupita kwenye upenyo wa milimita 3 kwa takriban sekunde moja, na kwamba hustahimili mgandamizo wa mara 900 ya uzito wake bila kuumia.

Kwa hiyo angalia bawaba za makabati, nyuma ya ubao unaoziba chini ya makabati, pale bomba linapoingia ukutani, nyuma ya soketi, na chini ya ukingo wa meza ya jikoni. Silikoni au saruji laini hutosha sehemu nyingi. Ziba baada ya kuanza kuwaua, au wakati huohuo, lakini usizibe tu ukadhani umemaliza, maana waliokwisha kuwa ndani watahamia kabati la pili.

Ni kweli mende huitana?

Ndiyo, kwa harufu. Kinyesi chao hubeba kemikali zinazowaambia wenzao "hapa panakalika." Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani walionyesha kuwa sehemu kubwa ya harufu hiyo hutengenezwa na bakteria wa tumboni mwa mende: kinyesi cha mende waliokuzwa bila bakteria kiliwavutia wenzao kidogo sana.

Maana yake kwako ni hii. Ukishaua mende ukaacha madoa yao kwenye kona za kabati, umeacha kibao cha kuwakaribisha wengine. Sugua kwa maji moto na sabuni. Usipulizie manukato juu yake.

Basi walifikaje kwangu, kama sikuwavuta kwa uchafu?

Mara nyingi uliwabeba. Watu hufikiria mende anatembea kutoka nje hadi mlangoni, na kwa wale wakubwa hilo hutokea. Lakini mende wa Kijerumani huishi na binadamu tu, porini hayupo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2024 ulieleza kwamba alitokana na mende wa Kiasia yapata miaka 2,100 iliyopita, huko India au Myanmar, kisha akasambaa duniani ndani ya mizigo ya watu. Mpaka leo anasafiri vilevile.

Katoni ndiyo basi lake. Chukua katoni yoyote, ichane ubavuni: kati ya karatasi mbili za nje kuna mikunjo kama mabomba madogo, myembamba, yenye giza, iliyobandikwa kwa gundi ya wanga. Kwa mende hicho ni chumba na chakula. Nina mazoea ya kufungua katoni nje au barazani, kutoa vitu, na katoni yenyewe isivuke kizingiti. Vifaa vya umeme vilivyotumika ni hatari zaidi. Friji ya mkono wa pili inaweza kuja na ukoo mzima kwenye mota, na mnunuzi akashangaa baada ya wiki tatu.

Kwenye majengo ya ghorofa kuna njia nyingine: mabomba, nyaya na kuta za pamoja. Jirani akipuliza dawa kali, wanaonusurika huhama. Hapo hakuna wa kumlaumu, na hakuna anayeweza kushinda peke yake. Vyumba vinavyopakana, juu, chini na kando, vinahitaji kutibiwa kwa pamoja.

Nawaona wakubwa bafuni. Je, hao ni walewale?

Sio. Hao huenda ni mende wa Kimarekani, warefu wa sentimita 4 hivi, rangi ya kahawia nyekundu, wenye ukingo wa manjano nyuma ya kichwa. Jina lao lisikupotoshe, asili yao ni Afrika, na waliingia Amerika kwa meli. Makazi yao ni mifereji ya maji machafu, chemba na mashimo ya mabomba. Huja kwako kwa kufuata unyevu, na njia yao kubwa ni tundu la maji la sakafuni ambalo halitumiki.

Kila tundu la namna hiyo, na kila sinki, huwa na kiwiko cha bomba kinachoshika maji kidogo ili kuziba hewa ya chini. Bafu la wageni lisipotumika wiki kadhaa, maji hayo hukauka na mlango unakuwa wazi. Mwaga ndoo ya maji humo mara moja kwa wiki, na uweke wavu wa chuma wenye matundu madogo. Nimeona nyumba zilizomaliza chupa za dawa bure, dawa yake ikiwa ndoo ya maji.

Wapo pia mende weusi wanaong'aa, wazito, wa takriban sentimita 2.5, wanaopenda baridi na unyevu wa vyumba vya chini ya ardhi na mitaro. Hao ni mende wa Mashariki, na wanatibiwa kwa kukausha mahali kuliko kwa kitu kingine.

Biashara yangu ni ya chakula. Nianzie wapi?

Kwenye mlango wa kupokelea mizigo. Nyumba huingiza katoni mbili kwa wiki, mgahawa huingiza arobaini. Mtu mmoja apewe jukumu la kukagua kila mzigo kwa tochi kabla haujaenda stoo, na vitu vihamishiwe kwenye makreti ya plastiki au rafu za chuma. Kreti za chupa zinazorudi zikiwa na mabaki ya vinywaji vitamu zikae nje, mbali na jiko, hadi zitakapooshwa.

Halafu kuna usiku. Jiko la biashara hufungwa likiwa na joto, sakafu ikiwa imetoka kumwagiwa maji, na wafanyakazi wamechoka. Wanapiga deki katikati na kuondoka. Chini ya meza za chuma, kwenye miguu yenye uwazi, chini ya magurudumu ya friji, kote huko mabaki ya chakula yamesukumwa kwa maji yakatulia. Kwa mende hiyo ndiyo saa ya kula. Nikialikwa kwenye jiko la biashara naomba niende saa moja baada ya kufunga, taa zikiwa zimezimwa. Dakika kumi za tochi hunifundisha kuliko ziara ya mchana kutwa.

Kuna jiko moja ambalo mwenyewe alikuwa amebadilisha mafundi watatu. Kila mahali palikuwa pamepulizwa dawa. Tulikaa gizani na msimamizi wake, nikawasha tochi, na tukawafuata kwa macho tu: walikuwa wanarudi wote mahali pamoja, ndani ya mguu wa meza ya kukatia nyama, uliokuwa na uwazi na kifuniko kilichopasuka. Ndani mlikuwa na majimaji ya damu na maganda ya mende ya vizazi na vizazi. Msimamizi aliniambia, "Mzee wangu, hii meza tunaisugua kila siku." Alisema kweli. Waliisugua juu.

Kama wewe ni msimamizi, usimtafute mfanyakazi wa kumfukuza siku mende anapoonekana. Ukifanya hivyo, mara ya pili hakuna atakayekwambia.

Ofisi na maduka yasiyouza chakula je?

Ofisini ni droo za meza zenye biskuti, jiko dogo la wafanyakazi, mashine ya kahawa, na mapipa ya taka yanayomwagwa asubuhi badala ya jioni. Dukani ni stoo yenye katoni zilizorundikwa moja kwa moja sakafuni na kuegemea ukuta. Ziinue, ziachanishe na ukuta ili mtu aweze kupita na tochi, na zilizo tupu ziondoke siku hiyohiyo. Vyumba vya kubadilishia nguo vya wafanyakazi husahaulika sana, na mabegi ndiyo yanayosafirisha mende kati ya kazini na nyumbani.

Nimemwona mmoja mchana. Niwe na wasiwasi?

Kama ni mdogo wa jikoni, ndiyo. Kwa kawaida mende hutoka usiku. Anayetembea mchana mara nyingi amekosa nafasi kwenye maficho kwa kuwa yamejaa, au amefukuzwa na njaa au dawa. Mkubwa mmoja aliyepotea njia kutoka kwenye mtaro ni habari tofauti, ingawa tundu alilopitia bado linahitaji kutafutwa.

Nikiacha taa zikiwaka usiku, hawatakuja?

Watakuja. Wanaishi kwenye nyufa ambazo mwanga haufiki, na wakizoea taa wanatoka hivyohivyo.

Vipi karafuu, majani ya bay, mipira ya nafthalini, vifaa vya sauti?

Harufu kali inaweza kumsogeza mende kutoka droo hii hadi ile. Haimwui wala haimwondoi nyumbani. Vifaa vya kuchomeka vinavyodaiwa kufukuza wadudu kwa sauti isiyosikika na binadamu havifanyi kazi kwa mende, weka pesa yako mfukoni. Mipira ya nafthalini usiiweke jikoni kabisa, mvuke wake una sumu kwa watu.

Mbona nikipuliza dawa wanapungua halafu wanarudi?

Kwa sababu dawa ya kopo inawapata waliotoka, na wengi hawajatoka. Nyingi zina kemikali zinazowafukuza pia, hivyo kundi lililokuwa nyuma ya friji linagawanyika na kuingia chumbani na sebuleni. Makopo yale yanayojaza chumba kizima moshi ni mabaya zaidi: ukungu wake hutua juu ya meza na sakafu, mahali mnapogusa nyinyi, wala hauingii kwenye nyufa. Utafiti uliofanywa katika nyumba za watu huko North Carolina na kuchapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba makopo hayo hayakupunguza mende, ila yaliacha sumu kwenye sakafu na meza. Katika nyumba zilizotumia dawa ya jeli, mende walipungua sana.

Kuna na usugu. Mwaka huohuo wa 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue walieleza jinsi mende wa Kijerumani wanavyoweza kurithisha usugu dhidi ya dawa za makundi kadhaa kwa wakati mmoja, hata zile ambazo hawajawahi kupulizwa. Kwa hiyo kuongeza kipimo kwa hasira hakusaidii, kunaumiza mapafu ya walio ndani.

Jeli hufanyaje kazi, na niiweke vipi?

Jeli ni chakula chenye sumu ya taratibu. Mende anakula, anarudi mafichoni, anafia huko. Wachanga ambao hawatoki mbali hula kinyesi na mizoga ya wakubwa na kupata sumu humohumo. Ndiyo sababu inafika mahali ambapo kopo halifiki.

Weka matone madogo, kama nusu ya punje ya dengu, mengi na yaliyosambaa: bawabani, kwenye pembe za juu za makabati, chini ya sinki karibu na bomba, nyuma ya friji karibu na mota. Usiweke tone moja kubwa katikati ya sakafu. Na tafadhali, usipulize dawa ya kopo karibu nayo. Hilo ni kosa nililolifanya mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni wa kazi hii: niliweka jeli nzuri, kisha nikapuliza juu yake ili "kuhakikisha." Nilirudi baada ya wiki mbili nikakuta matone yote mazima, yamekauka, hayajaguswa, na mwenye nyumba akilia kwamba mende wameingia hadi kwenye kitanda cha mtoto. Nimelikumbuka kila siku tangu hapo.

Ikiwa jeli uliyonunua hailiwi, badilisha aina. Mwaka 1993 watafiti waliripoti mende wa Kijerumani waliokuwa wanakataa chambo chenye glukosi, na mwaka 2013 ikaelezwa sababu: kwao glukosi inaonja kama kitu kichungu. Chambo chenye ladha nyingine wanakila.

Unga wa asidi ya boriki nao unafaa, ukiwekwa utando mwembamba kiasi cha kutoonekana vizuri, ndani ya nyufa kavu. Rundo jeupe wanalizunguka tu. Jeli na unga vyote viwe mbali na mikono ya watoto na midomo ya wanyama wa nyumbani, na kamwe visiwe juu ya meza ya kuandalia chakula.

Je, mende wanaleta ugonjwa kweli, au ni kinyaa tu?

Wanaleta. Miguuni na tumboni hubeba bakteria kama Salmonella na kuwapaka kwenye vyakula na vyombo. Lakini linaloniumiza zaidi ni pumu. Vumbi la kinyesi, mate na maganda yao huamsha mzio. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 kuhusu watoto wenye pumu katika miji ya Marekani ulikuta kwamba wale wenye mzio wa mende ambao pia walilala kwenye vyumba vyenye kiwango kikubwa cha vumbi hilo walilazwa hospitalini zaidi ya mara tatu ya wenzao. Ukiwa na mtoto anayekohoa usiku, anzia chumba chake: toa chakula, osha shuka, panguza kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi likapaa. Na mpeleke kwa daktari, kuua mende hakuchukui nafasi ya matibabu.

Itachukua muda gani, na nitajuaje kwamba wameisha?

Jike wa mende wa Kijerumani hubeba kifuko chenye mayai 30 hadi 40 hivi, hakiachi mpaka karibu na siku ya kuanguliwa. Penye joto zuri, wanaoanguliwa hukomaa kwa takriban miezi miwili hadi mitatu. Kwa hiyo wiki mbili za kutoona mende zinatia moyo lakini hazithibitishi chochote.

Tumia mitego ya gundi. Bandika sita au saba kandokando ya kuta, kwenye kona, kwa kuwa mende hutembea huku ubavu wake ukigusa kitu. Andika tarehe juu ya kila mtego kwa kalamu. Hesabu kila Jumamosi, uandike: huu wa chini ya sinki 14, wa nyuma ya friji 31, wa sebuleni 0. Mtego unaonasa wengi ndio unaokuonyesha lilipo kundi, na ndipo jeli inapotakiwa kuongezwa. Ukiona waliokwama ni wachanga wengi, wadogo kama punje ya mchele au chini ya hapo, jua kuna mayai yanayoanguliwa karibu.

Namba zikishuka hadi sifuri kwenye mitego yote, endelea kuhesabu miezi mitatu mingine. Katika muda huo usirudishe katoni stoo, usiache bomba linalovuja likisubiri mwisho wa mwezi, na ule mtego wa nyuma ya friji usiuondoe.